Aliyenyamaza, Kweli Amekubali?

Profesa mmoja wa Kijerumani alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kwa nini watu huficha maoni yao uchaguzi unapokaribia. Alichokiona kinakuhusu wewe na mwenzi wako, hata kama siasa hamzipendi.

Mpenzi msomaji, tuseme una safari ya treni ya saa tano. Umepata kiti cha dirishani, maji na vitafunwa viko kwenye mfuko, na mbele yako ameketi mama mmoja usiyemjua. Mnaanza stori za hapa na pale. Ghafla anakwambia kwamba mtoto mtundu dawa yake ni fimbo tu, hayo mengine ni mbwembwe za siku hizi. Wewe huamini hivyo hata kidogo. Utamjibu, mbishane mpaka mwisho wa safari? Au utatoa simu yako na kujifanya kuna ujumbe wa haraka?

Swali la namna hiyo waliulizwa kina mama wa nyumbani wa Ujerumani Magharibi mwezi Januari 1972, zama ambazo hakukuwa na simu ya kujifichia. Wengine walipewa abiria anayetetea fimbo, wengine walipewa anayeipinga. Aliyelitunga ni Elisabeth Noelle-Neumann, mtafiti wa siasa na maoni ya umma. Fimbo yenyewe haikuwa shida yake. Alitaka kujua ni nani anafungua mdomo mbele ya mtu asiyemjua na ni nani anaufunga, na kama kufunga huko kuna uhusiano wowote na kushinda au kushindwa kwa vyama vya siasa.

Ukisoma mawasiliano au sayansi ya siasa chuoni, jina la mama huyu hulikwepi. Wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani, tukajaza karatasi, basi. Ni hasara, maana alichokichunguza tunakiishi kila siku: ofisini bosi anapoongea, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na mezani na yule uliyeamua kuishi naye.

MAMA MWENYEWE NI NANI?

Elisabeth Noelle alizaliwa Berlin mwaka 1916. Mwaka 1937 alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Missouri, na huko akakutana na kitu kilichokuwa kipya kabisa: tafiti za maoni za George Gallup, ambazo kwa kuuliza watu wachache waliochaguliwa vizuri ziliweza kukisia nchi nzima inafikiri nini. Aliporudi kwao aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya tafiti hizo.

Kuna upande mwingine wa maisha yake ambao si haki kuuruka. Wakati wa vita alikuwa mwandishi katika gazeti la Das Reich, lililokuwa sauti ya utawala wa Wanazi. Jambo hilo lilimfuata hadi uzeeni, na katika miaka ya 1990 wasomi wa Marekani walimshutumu waziwazi kwa aliyoyaandika kipindi kile. Wapo wanaoona kwamba nadharia yake yote inanuka nchi aliyokulia, nchi ambayo neno moja lisilofaa lingeweza kukupeleka jela au kaburini.

Vita vilipokwisha aliolewa na mwandishi wa habari Erich Peter Neumann, na mwaka 1947 wawili hao wakaanzisha taasisi ya kuchunguza maoni huko Allensbach, kijiji kidogo kando ya ziwa, kusini kabisa mwa Ujerumani. Mke na mume, kazi moja, ofisi moja. Mume baadaye akaingia bungeni kwa tiketi ya chama cha CDU. Kwa hiyo tusidhani huyu mama alikuwa anatazama siasa kwa mbali kama mtu anayetazama mpira kwenye runinga. Siasa alilala nayo na kuamka nayo.

KITENDAWILI CHA 1965

Mwaka 1965 Wajerumani Magharibi walikuwa wanaelekea uchaguzi wa mwezi Septemba. Upande mmoja walikuwepo CDU na wenzao wa CSU chini ya Kansela Ludwig Erhard, upande wa pili SPD ya Willy Brandt. Taasisi ya Allensbach ilikuwa inauliza maswali mawili yanayofanana kwa haraka haraka, lakini ni tofauti kabisa. La kwanza: wewe utapigia chama gani kura? La pili: unadhani nani atashinda?

Kwa miezi mingi majibu ya swali la kwanza hayakutikisika. Vyama vilikuwa bega kwa bega. Majibu ya swali la pili ndiyo yaliyokuwa yanasogea, mwezi hadi mwezi, kuelekea upande wa CDU. Yaani watu hawakuwa wamebadili kura zao, ila walianza kuhisi kwamba upepo umeelekea upande fulani. Wiki za mwisho kabla ya uchaguzi, kura nazo zikafuata upepo. CDU na CSU wakapata asilimia 47.6, SPD asilimia 39.3.

Upepo huo ulitoka wapi? Noelle-Neumann alihisi kwamba huenda ziara ya Malkia Elizabeth II wa Uingereza, mwezi Mei mwaka ule, ilichangia. Nchi ilikuwa na shamrashamra, na Kansela alionekana kando ya malkia. Wafuasi wa chama chake wakapata moyo, wakaanza kuongea kwa kujiamini. Wa upande wa pili wakaona kama wamebaki wachache, wakapunguza sauti. Waliponyamaza, walionekana wachache zaidi. Walipoonekana wachache zaidi, wakanyamaza zaidi.

Hicho ndicho alichokiita mzunguko wa ukimya. Alianza kuuandikia miaka ya 1970, na mwaka 1980 akautolea kitabu. Maelezo yake ni mepesi. Binadamu anaogopa kutengwa. Kwa hiyo kila mmoja wetu ana kipimo kichwani, anapima bila kujua: hapa wengi wanasemaje? Akiona yuko na wengi, anaongea. Akiona yuko na wachache, anafunika kombe. Mwisho wake kinachosikika hadharani hakifanani na kilichomo mioyoni mwa watu.

BEJI ILIYODUMU NUSU SIKU

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika kazi yake ni mdogo sana. Siku moja alikutana na msichana, mwanafunzi wa chuo, kavaa beji ya CDU kifuani. Profesa akashangaa, akamwambia hakujua kama ni mfuasi wa chama hicho. Binti akajibu kwamba wala si mfuasi, kaivaa tu aone inakuwaje. Mchana wakakutana tena. Beji haipo. Alipoulizwa, akasema hali ilikuwa mbaya mno, akaamua kuivua.

Fikiria hilo. Mtu hata hakiamini chama, anajaribu tu, lakini macho ya wenzake kwa saa chache yakatosha kumshinda. Je, yule anayekiamini kweli?

Mwaka 1972 beji na stika za SPD zilitapakaa kila kona ya Ujerumani Magharibi. Wa upande wa pili walijificha. Ukihesabu beji mtaani ungesema CDU imeshakufa, bado kuzikwa. Novemba kura zikahesabiwa: SPD asilimia 45.8, CDU na CSU asilimia 44.9. Tofauti haikufika hata asilimia moja! Watu wote wale walikuwepo, wanapanda mabasi yale yale na kununua mkate duka lile lile. Walikuwa wamekaa kimya tu.

Profesa alikuwa na vipimo vingine vya ujanja. Aliwahi kuwaonyesha watu picha ya gari lililochanwa tairi, lenye stika ya chama dirishani, lakini jina la chama halisomeki. Akawauliza: unadhani ni stika ya chama gani? Hapo hukuulizi wewe unampenda nani. Unajibu bila kujijua ni nani, kwa maoni yako, anayeweza kufanyiwa ubaya kwa sababu ya msimamo wake.

MTU MMOJA ANATOSHA

Noelle-Neumann aliegemea sana majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch, aliyoyafanya Marekani miaka ya 1950. Huenda umewahi kuyasikia. Kijana anaingizwa chumbani na wenzake kadhaa, wanaonyeshwa mistari, na kazi yao ni kusema upi unalingana na mstari wa mfano. Ni kitu ambacho hata mtoto wa chekechea anakiona. Kumbe wale wenzake wamepangwa, na wote wanatoa jibu moja la uongo. Katika majaribio hayo, kama theluthi moja ya majibu ya wale wasiojua mchezo yaliwafuata wengi kwenye uongo, na karibu watu watatu katika kila wanne waliteleza angalau mara moja.

Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa kila mahali. Sehemu inayosahaulika ni hii: Asch alipomweka chumbani mtu mmoja tu anayesema ukweli, kuteleza kule kulipungua sana. Si lazima nusu ya chumba iwe upande wako. Anatosha mmoja.

Sasa rudi kwenye mahusiano. Huyo mmoja, kwa wengi wetu, angetakiwa awe nani kama si mume, mke au mchumba?

LAKINI NYUMBANI SI TUNAONGEA?

Hapa wengi watasema: ofisini nanyamaza, sawa, nalinda kitumbua changu. Nyumbani nasema yote. Tuangalie wataalamu wanasemaje.

Kwanza tuwe wakweli: nadharia hii imepingwa sana. Uchambuzi wa mwaka 1997 uliokusanya tafiti nyingi pamoja ulikuta kwamba uhusiano kati ya kujiona uko na wachache na kunyamaza upo, lakini ni mdogo mno. Wapo watu ambao hata mji mzima uwapinge watasema tu. Noelle-Neumann mwenyewe alikubali kwamba wagumu wa namna hiyo wapo.

Mwaka 2014 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa ripoti yake. Wakati ule nchi ilikuwa inabishana juu ya Edward Snowden, aliyefichua kwamba serikali inachunguza mawasiliano ya watu. Asilimia 86 ya waliohojiwa walikuwa tayari kulizungumzia jambo hilo ana kwa ana katika mazingira fulani. Katika wanaotumia Facebook na Twitter, waliokuwa tayari kuliandika huko walikuwa asilimia 42 tu. Mezani na familia, wakati wa chakula cha jioni, asilimia 74 walikuwa tayari kuongea. Mpaka hapo nyumbani panaonekana pazuri.

Kisha mwaka 2018 Jörg Matthes na wenzake wakapitia tafiti 66 zenye zaidi ya watu 27,000. Nao wakakuta nguvu ya mzunguko wa ukimya kwa jumla si kubwa. Ila kuna mahali ilipozidi kuliko kwingine kote: pale mtu anapozungumza na familia, marafiki au majirani, hasa juu ya jambo linalomgusa moja kwa moja.

Umeona? Nyumbani tunaongea sana, ndiyo, tukijua tunakubaliana. Siku tukihisi kwamba wa nyumbani yuko upande mwingine, hapo ndipo ulimi unapokuwa mzito kuliko tukiwa na mgeni. Na ukifikiria inaeleweka. Yule mama wa kwenye treni akinichukia, nitashuka kituoni na maisha yataendelea. Mwenzangu akininunia, nitalala naye chumba kimoja, na kesho ada ya mtoto bado inatuhusu wote wawili.

KURA NI SIRI. NA NDOA?

Watafiti wa uchaguzi wanaujua ukimya huu kwa sababu unawaumiza. Mwaka 1992 Uingereza tafiti za maoni zilionyesha vyama viwili vikubwa viko karibu sawa. Kura zilipohesabiwa, Conservative cha John Major kilikuwa mbele ya Labour kwa zaidi ya asilimia 7. Uchunguzi uliofuata ulitaja sababu kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba baadhi ya wapiga kura wa Conservative hawakutaka kujitaja. Walimwonea aibu mhoji. Sandukuni hawakuona aibu.

Jambo hilo lilifika hadi chumbani mwaka 2024. Uchaguzi wa Marekani ulipokuwa umekaribia, lilitoka tangazo lenye sauti ya mcheza filamu Julia Roberts, likiwakumbusha wanawake kwamba kwenye chumba cha kura wanaweza kumchagua wanayemtaka, na hakuna atakayejua, hata mume. Kelele zilizofuata, usiulize. Mtangazaji wa Fox News, Jesse Watters, alisema kwamba mkewe akimficha kura ya namna hiyo, kwake ni sawa na kutoka nje ya ndoa.

Usaliti, kwa kura? Mjadala huo unaweza kuumaliza mwenyewe na mwenzi wako. Sisi tunasema hivi: kura ni siri kwa sheria, na cheti cha ndoa hakiondoi siri hiyo. Mke ana haki ya kupiga kura yake na kurudi nyumbani kupika au kupikiwa bila kutoa ripoti. Mume vilevile. Ila kuna tofauti kati ya mtu anayetunza siri yake kwa raha zake na mtu anayenyamaza kwa kuogopa. Wa kwanza yuko huru. Wa pili anaishi kama yule binti wa beji, ila yeye hana mchana wa kuivua akapumua.

Na usidhani inaishia kwenye siasa. Anayejifunza kunyamaza juu ya chama atanyamaza juu ya mama mkwe anayehamia, juu ya kiwanja kinachonunuliwa Mkuranga wakati yeye alitaka kwanza mkopo uishe, juu ya mtoto wa tatu. Mwenzake atasema, "Lakini si tulikubaliana?" Tumezoea kwamba aliyenyamaza amekubali. Kazi yote ya Noelle-Neumann inatuonya tusihesabu hivyo. Wahenga nao walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo katika siasa unaitwa matokeo ya kushangaza. Nyumbani unaitwa begi lililokutwa limefungwa mlangoni.

JARIBUNI HAYA

Punguza "sisi". Ukiwaambia wageni "nyumba hii sisi wote ni wa chama fulani", mwenzi wako ameshajibiwa kabla hajaulizwa. Sema "mimi". Muache naye aseme lake.

Tumia maswali mawili ya Allensbach. Muulize kwanza, "Wewe unaonaje?" Halafu muulize, "Unadhani ndugu zetu wanaonaje?" Kama majibu yanapishana sana, umegundua mahali anapopigwa na upepo.

Taja hoja ya upande mwingine kabla yake. Ukisema, "Naona hata wanaopinga wana hoja, kwa mfano hii," umemwonyesha kwamba kupingana nawe hakuleti vita. Ataongea.

Kuwa yule mmoja wa Asch. Siku mwenzako anazidiwa maneno mbele ya ukoo wako, si lazima ukubaliane naye kwa kila kitu. Sema tu, "Hapo ana hoja, tumsikilize." Sentensi hiyo moja inaweza kumpa nguvu kuliko zawadi ya maadhimisho ya ndoa.

Usichanganye kelele na idadi. Kundi la familia lina watu sitini, wanaoandika kila siku ni watano. Hao hamsini na tano wengine nao wana vichwa. Kabla hujasema "familia nzima imeamua", mpigie simu aliyekaa kimya.

Usidai kuona kura ya mtu. Akikwambia kwa hiari yake, shukuru. Asipokwambia, muulize kwa nini barabara ya mtaani kwenu inamkera, mtasafiri mbali zaidi.

Elisabeth Noelle-Neumann alifariki mwaka 2010 hukohuko Allensbach, akiwa na miaka 93. Wasomi bado wanabishana kama nadharia yake ina nguvu kiasi gani, na wengine bado hawajamsamehe ujana wake. Ila lile swali lake la pili, unadhani wengine wanaonaje, limebaki kuwa chombo kizuri cha kujua nani kati yetu anaogopa.

Kwa hiyo jioni hii mkishakula, zimeni runinga. Chagua jambo moja ambalo siku zote umekuwa ukiamini mmekubaliana, liwe la siasa au la nyumbani, umuulize mwenzio yeye hasa anaonaje. Ukishauliza, nyamaza wewe.